Gari Ulilonunua Yadi Lina Hitilafu: Mwongozo Kamili wa Kumdai Muuzaji Nchini Kenya

Magari mengi yanayonunuliwa na familia nchini Kenya hayatoki kiwandani moja kwa moja. Ni magari yaliyotumika ng'ambo, hasa Japani, yakashushwa katika bandari ya Mombasa kabla ya kutimiza miaka 8 tangu yasajiliwe kwa mara ya kwanza, kisha yakapangwa kwenye yadi yakiwa yameoshwa na kung'arishwa. Mnunuzi huliita gari jipya kwa kuwa kwake ni jipya, na aghalabu amelinunua kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo wa benki au wa sacco. Giaboksi linapoanza kugoma asubuhi, au injini inapotoa moshi katika wiki ya kwanza, mambo atakayoyafanya katika siku chache zinazofuata ndiyo yatakayoamua kama atalipwa au ataachwa na gharama.

Sheria ya Kenya inamlinda mnunuzi huyu kuliko anavyodhani. Kinachomponza ni kumwachia fundi wa mtaani afungue injini kabla ya hitilafu kuandikwa popote, au kusikiliza ahadi za simu kwa miezi bila kubaki na karatasi hata moja. Mali bila daftari hupotea bila habari, na madai bila kumbukumbu hupotea vivyo hivyo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu ushahidi, na mahakama inakuja mwishoni.

Jua kwanza ni nani aliyekuuzia

Toa mkataba wa mauzo na ulinganishe majina matatu: jina lililo kwenye mkataba, jina la mmiliki aliyesajiliwa kabla yako, na jina la akaunti au nambari ya malipo uliyotumia. Yadi nyingi huuza magari ya watu wengine kwa kamisheni, na siku ya lawama hudai kwamba zilikuwa madalali tu. Dai hilo lina uzito, kwa sababu kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kinaweka sharti kwamba bidhaa ziwe na ubora unaofaa kuuzwa pale zinaponunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza bidhaa za aina hiyo. Mtu binafsi anayeuza gari lake mwenyewe habebi mzigo huo kwa kiwango hicho.

Majina yakitofautiana, kusanya kila kinachoonyesha kwamba yadi ilijitambulisha kwako kama muuzaji: risiti yenye muhuri wake, tangazo lake la mtandaoni, na ujumbe ambao mfanyakazi wake alikuandikia kuhusu hali ya gari. Piga picha ya tangazo hilo leo, kwa sababu litafutwa. Kama bado kuna shaka, barua zako ziandikie pande zote mbili, yadi na mmiliki wa awali. Tafuta pia jina la kisheria la yadi, kwa kuwa jina lililo kwenye bango la barabarani mara nyingi ni jina la biashara tu. Ikiwa ni kampuni, hati ya CR12 inayotolewa na Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, huonyesha wakurugenzi wake, na ukimshtaki mtu kwa jina lisilo lake utapoteza muda.

Usiruhusu gari kuguswa kabla hujaliandika

Hitilafu ikiwa ya breki, usukani, mifuko ya hewa au injini kuchemka, liegeshe gari. Usalama wako unatangulia, na kuna sababu ya pili: ukiendelea kuliendesha, unampa muuzaji hoja kwamba uharibifu umeuzidisha wewe.

Baada ya hapo rekodi video, na uirekodi injini ikiwa baridi, baada ya gari kulala usiku kucha. Hitilafu nyingi za giaboksi na za injini hujificha injini ikishapata moto, na hii ndiyo sababu gari ulilolijaribu saa sita mchana likiwa limewashwa tangu asubuhi lilionekana zima kabisa. Anza kwa nambari ya usajili, kisha ingia ndani na uzungushe ufunguo bila kuwasha injini. Kwenye dashibodi taa zote za tahadhari zinapaswa kuwaka na nyingine kuzimika baada ya sekunde chache. Itazame kwa makini taa ya injini na ile ya mifuko ya hewa. Taa isiyowaka kabisa katika hatua hii inatia shaka kubwa, kwa maana huenda balbu iliondolewa au kufunikwa ili isikuonye. Hakikisha kilomita zinaonekana katika video hiyohiyo. Ndipo uwashe, urekodi sauti, kisha uende nyuma urekodi moshi. Moshi wa samawati huashiria oili inayoungua. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto huashiria maji ya rejeta yanayoingia ndani ya injini. Moshi mweusi huashiria mafuta kupita kiasi.

Hatua inayofuata ni kupima gari kwa kompyuta, na hapa ndipo ushahidi mwingi hupotea kwa bahati mbaya. Fundi huchomeka mashine, huona msimbo wa hitilafu uliohifadhiwa na kompyuta ya gari, huufuta, taa huzimika, na kila mtu hufurahi hadi Jumatatu. Mwambie waziwazi kabla hajachomeka: soma, hifadhi, chapisha, usifute. Omba akuhifadhie mambo matatu. La kwanza ni misimbo yenyewe, mathalani P0300, unaomaanisha kwamba silinda zinakosa mwako, au P0420, unaomaanisha kwamba kichujio cha moshi hakifanyi kazi ipasavyo. La pili ni picha ya hali ya gari wakati hitilafu ilipojitokeza, kwa maana kompyuta huhifadhi kasi, mizunguko ya injini na joto vya dakika hiyo. La tatu, ambalo wanunuzi wachache hulijua, ni umbali ambao gari limesafiri tangu misimbo ifutwe mara ya mwisho, pamoja na orodha ya majaribio ya ndani ambayo kompyuta bado haijayakamilisha.

Jambo hilo la tatu lina nguvu ya pekee. Ikiwa umeendesha kilomita 60 tangu utoke yadi, na kompyuta inasema misimbo ilifutwa kilomita 60 zilizopita, basi mtu aliifuta gari likiwa karibu kukabidhiwa. Hilo peke yake halithibitishi hila, kwa kuwa fundi mwaminifu pia hufuta misimbo baada ya kutengeneza. Lakini linamlazimu muuzaji aeleze ni kitu gani kilichotengenezwa, lini, na kwa nini hukuambiwa. Magari ya zamani zaidi hayatoi taarifa zote hizi, kwa hiyo chukua kila kinachopatikana.

Chunguza pia kilomita. Gari lililotoka Japani huwa na cheti cha kusafirishwa nje, na mara nyingi cheti hicho huonyesha kilomita zilizorekodiwa. Ikiwa lilinunuliwa mnadani, kulikuwa na karatasi ya mnada yenye alama ya ubora, ramani ya mikwaruzo na kilomita. Alama ya R au RA humaanisha kwamba gari lilipata ajali au lilitengenezwa sehemu za fremu. Omba nakala za hati hizi kwa maandishi. Yadi ikisema haina, kuna huduma za mtandaoni zinazotafuta karatasi ya mnada kwa nambari ya chesi, kwa malipo. Tofauti ya kilomita kati ya cheti na dashibodi hubadilisha madai yako yote, kwa sababu kuanzia hapo unazungumzia udanganyifu.

Mwisho wa hatua hii, fungua faili moja: mkataba, ankara, ujumbe wa M-Pesa au hawala ya benki, tangazo, mazungumzo ya WhatsApp yaliyotumwa kwenye barua pepe yako, video, na matokeo ya kompyuta. Panga kwa tarehe.

Pata ripoti ya mtu asiye na upande

Fundi wako wa miaka mingi anaweza kuwa hodari kuliko wote, lakini muuzaji atasema anatafuta kazi. Tafuta ripoti ya maandishi kutoka kwa chama cha wenye magari cha AA Kenya, ambacho hukagua magari kwa malipo, au kutoka gereji iliyoidhinishwa na mtengenezaji wa gari lako. Omba ripoti ijibu maswali haya kwa sentensi kamili: hitilafu ni ipi, inaelekea ilianza kabla au baada ya tarehe ya kukabidhiwa, na ni dalili gani zinazoonyesha hivyo, ni hatari kwa usalama au la, na kuitengeneza kutagharimu kiasi gani. Ripoti inayosema tu "giaboksi ni bovu" haikusaidii, kwa kuwa ubishi hauko juu ya ubovu wenyewe. Uko juu ya wakati ubovu ulipoanza.

Ikibidi kitu kifunguliwe, kwa mfano giaboksi la CVT, yaani la otomatiki lisilo na gia za hatua, lililotiwa oili isiyo yake, mwandikie muuzaji kwanza, umwambie siku, saa na mahali, na umwalike aje mwenyewe au amtume fundi wake. Asipokuja, umeshatimiza wajibu wako. Oili iliyomwagwa itiwe kwenye chupa safi, vipuri vilivyotolewa vitiwe kwenye mfuko, vyote viandikwe tarehe na nambari ya usajili, na uvihifadhi nyumbani kwako. Usiviache gereji, kwa sababu gereji hutupa vyuma chakavu kila wiki.

Fahamu haki zako na mipaka yake

Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili, taarifa anazohitaji, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro za bidhaa. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012 inachukulia kwamba muuzaji amedhamini kuwa bidhaa zina ubora wa kuridhisha wa kuuzwa, na inaharamisha maelezo ya uongo, kama vile kudai kwamba bidhaa imetumika kidogo kuliko ilivyotumika kweli. Mnunuzi aliyedanganywa anaweza kutengua mkataba, na anapaswa kutoa notisi ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba ufungwe. Haki zilizomo katika sheria hiyo haziondolewi na maneno ya mkataba. Kwa hiyo ile sentensi ambayo yadi hupenda kuiweka chini kabisa, kwamba gari limeuzwa "jinsi lilivyo na mahali lilipo", isikukatishe tamaa.

Mipaka nayo ipo, na ni afadhali uijue kabla wakili wa upande wa pili hajakuonyesha. Kifungu cha 16 nilichokitaja kinasema kwamba mnunuzi aliyelikagua gari hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ungepaswa kuifichua. Mlango uliobonyea na tairi lililokwisha uliviona. Gasketi iliyoungua ndani ya injini hukuweza kuiona. Madai yako yajenge juu ya yaliyofichika. Vilevile, gari la miaka 7 halipimwi kwa kipimo cha gari la leo. Betri, padi za breki, bushi na shoki huchakaa, na mnunuzi anayezijaza katika orodha ya madai hudhoofisha lile dai kubwa la giaboksi. Chagua hitilafu moja au mbili zilizo nzito, na uzishikilie.

Kuna taarifa moja inayowapotosha Wakenya wengi wanaosoma mtandaoni. Haki ya kurudisha gari bovu ndani ya siku 30 bila mjadala ni ya Uingereza, chini ya sheria yao ya 2015. Sheria za majimbo ya Marekani zinazohesabu ni mara ngapi gari limerudishwa gereji ni za huko, na ndugu zetu wanaoishi huko wazitumie. Kenya haina idadi ya siku wala ya majaribio iliyoandikwa, na ndiyo maana barua na tarehe zako zina thamani kubwa.

Amua unachotaka kabla hujaingia ofisini

Kuna njia tatu: kutengenezewa kwa gharama ya muuzaji, kurudishiwa sehemu ya bei, au kulirudisha gari na kurudishiwa fedha zote. Muuzaji akikuuliza "sasa unataka tufanye nini?" nawe ukasita, ataamua yeye.

Kwa maoni yangu, kutengenezewa kunafaa pale hitilafu inapojulikana na spea halisi inapopatikana. Kupunguziwa bei kunafaa pale usipomwamini tena fundi wao, nawe unalipenda gari. Kulirudisha gari kunafaa kwa kilomita zilizochezewa, fremu iliyopinda kwa ajali iliyofichwa, au injini iliyokufa. Ukichagua kulirudisha, sema mapema na uache kulitumia. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa humhesabu mnunuzi kuwa amekubali mali ikiwa amekaa nayo kwa muda mrefu kupita kiasi bila kumwarifu muuzaji kwamba anaikataa, au ikiwa ameitendea kama mwenye mali. Kulipaka rangi, kubadilisha rimu au kuliingiza kwenye biashara ya teksi, yote yatatajwa dhidi yako.

Wenye mkopo wawe waangalifu zaidi. Benki haikukuuzia gari na haihusiki na ubovu wake, kwa hivyo endelea kulipa kila mwezi hata kama gari limeegeshwa. Ukisimamisha malipo, litachukuliwa na madalali wa mnada, nawe utabaki na deni bila ushahidi, kwa sababu gari lenyewe ndilo ushahidi. Iarifu benki kwa maandishi, kwa kuwa kwa kawaida logibuku imesajiliwa kwa majina yenu wote wawili na haiwezi kurudi kwa muuzaji bila ridhaa yake.

Mazungumzo ya kwanza na meneja

Nenda siku ya kazi, asubuhi, na uombe kumwona meneja. Kijana aliyekuuzia hana mamlaka ya kurudisha fedha, na huenda hata hayuko tena pale. Nenda na mtu mmoja mtulivu atakayekuwa shahidi, na nakala za hati. Hati halisi ziache nyumbani.

Jibu utakalolipata mara ya kwanza linafahamika: "Hiyo ni sensa tu, lete gari fundi wetu aifute." Usigombane. Sema hivi: "Nashukuru, Bwana Meneja. Naomba tu mniandikie ni sensa gani, na kwamba gari limebaki kwenu leo likiwa na kilomita hizi." Ukiliacha gari, lisiachwe bila karatasi yenye tarehe, kilomita, kiwango cha mafuta, malalamiko yako kwa maneno yako mwenyewe, na siku ya kulichukua. Lipige picha kila upande, pamoja na gurudumu la akiba na redio. Siku ya kulichukua, lijaribu katika hali ileile iliyoleta hitilafu: kama linagoma likiwa baridi, omba lilale pale na uje alfajiri; kama linagoma mlimani, lipeleke mlimani na fundi wao akiwa ameketi kando yako. Dai karatasi inayosema kilichofanywa na spea zilizowekwa.

Jioni ya kila mkutano, mtumie meneja ujumbe mfupi: "Kama tulivyozungumza leo, mmekubali kubadilisha pampu ya mafuta kufikia Ijumaa kwa gharama yenu." Asipokanusha, umepata ushahidi. Naona majaribio mawili ya kutengeneza hitilafu moja yanatosha. Baada ya hapo unapigwa danadana, na ni wakati wa barua.

Mambo mawili yaepuke katika kipindi hiki. Usisaini karatasi inayosema umeridhika au huna dai lingine hadi gari liwe limepona kweli. Na usiandike kwenye Facebook au TikTok kwamba yadi fulani ni ya wezi, hata kama una hasira ya haki. Unaweza kujikuta wewe ndiye mshtakiwa wa kashfa.

Barua ya madai

Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kwa kuwa Ibara ya 7 ya Katiba inazitambua zote kuwa lugha rasmi. Iwe fupi, isiyo na matusi, yenye tarehe ya mwisho. Mfano:

*Kwa Meneja Mkuu,*

*KUH: GARI LENYE NAMBARI YA USAJILI ……, NAMBARI YA CHESI ……*

*Nilinunua gari lililotajwa hapo juu kutoka kwenu tarehe …… kwa bei ya shilingi ……. Kabla ya kununua, mfanyakazi wenu aliniandikia kwamba giaboksi halina tatizo lolote (nakala imeambatishwa). Tarehe ……, gari likiwa limesafiri kilomita …… tangu nilichukue, giaboksi lilianza kuteleza na kutetema likiwa baridi. Niliwaarifu tarehe ……. Mmelitengeneza mara mbili, tarehe …… na ……, na hitilafu ingalipo.*

*Ripoti ya ukaguzi iliyoambatishwa inaonyesha kwamba hitilafu ilikuwepo kabla ya kukabidhiwa. Gari halina ubora unaotakiwa na kifungu cha 16 cha Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa wala na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya 2012. Ninadai mnilipe shilingi ……, yaani gharama ya giaboksi, ukaguzi na kuvutwa kwa gari, ndani ya siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Msipolipa, nitawasilisha madai mahakamani bila kuwaarifu tena, na nitadai gharama zake.*

*Wako mwaminifu,*

Ipeleke mwenyewe na upate muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha uitume pia kwa barua pepe. Wakikataa kugonga muhuri, itume kwa kampuni ya vifurushi inayotoa stakabadhi ya mpokeaji.

Muuzaji akinyamaza au akikataa

Malalamiko kuhusu maelezo ya uongo yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2010. Mamlaka huchunguza mwenendo wa mfanyabiashara, na barua yake kwa yadi mara nyingine hulainisha mioyo, lakini isikufanye uache kudai fedha zako mwenyewe.

Njia ninayoipendekeza kwa wengi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ikiwa ni pamoja na mikataba ya kuuziana bidhaa, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Unaweza kujisimamia bila wakili, na mahakama hiyo haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi. Wengi hudhani haiwafai kwa sababu gari lao lilizidi milioni moja. Kinachopimwa ni kiasi unachodai. Ikiwa gari liliuzwa kwa shilingi 1,400,000 na giaboksi pamoja na gharama nyingine ni shilingi 300,000, dai lako ni shilingi 300,000 na linaingia. Unapotaka kulirudisha gari na kulipwa bei yote, hapo utaenda mahakama ya hakimu, na hapo tafuta wakili.

Faili uliyoipanga kwa tarehe sasa inafanya kazi yake. Andaa ukurasa mmoja wa mfuatano wa matukio, kisha viambatisho vyenye nambari. Kwa video na ujumbe wa simu, andaa hati ya kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki inayotajwa katika kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: eleza simu iliyorekodi ni ipi, nani aliimiliki, na jinsi nakala zilivyotolewa. Mwombe mkaguzi aliyeandika ripoti awe tayari kuja kujibu maswali. Muda wa kushtaki juu ya mkataba ni miaka 6, ila kila mwezi unaopita hukomaza hoja kwamba gari liliharibikia mikononi mwako.

Ikiwa gari ni jipya kabisa, au lina hitilafu ya kiwandani

Gari lililonunuliwa kwa wakala rasmi huja na dhamana ya mtengenezaji, mara nyingi ya miaka 3 au kilomita 100,000, lolote litakalotangulia. Soma masharti yake siku ya kwanza, hasa kuhusu sevisi, kwa sababu sevisi moja iliyofanywa mtaani inaweza kutumiwa kukukatalia dai. Wakala akikwama, mwandikie mtengenezaji moja kwa moja, ukiambatisha karatasi zote za gereji.

Hata kwa gari lililotumika, ingiza nambari ya chesi kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama mtengenezaji aliita magari ya aina hiyo yarudishwe kurekebishwa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, ambayo kilipulizi chake kinaweza kupasuka na kurusha vipande vya chuma, iliwekwa katika magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na mengineyo, na baadhi yake bado yanatembea katika barabara zetu bila kurekebishwa. Ukikuta gari lako limo, wasiliana na wakala rasmi wa chapa hiyo mara moja, na usiingoje yadi.

Mkikubaliana

Maafikiano yaandikwe na kusainiwa na mtu mwenye mamlaka, yakitaja kiasi, tarehe na njia ya malipo. Kama gari linarudi, usihamishe umiliki kwenye mfumo wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kwa ahadi ya hundi. Fedha ziingie kwanza kwenye akaunti, au mkopo ulipwe benki moja kwa moja na benki ithibitishe kwa barua. Andika kilomita na saa ya kukabidhi, ili makosa ya barabarani yatakayofanywa jioni hiyo yasiwe yako. Fuatilia hadi jina lako liondoke kwenye usajili, kisha uifute bima na udai sehemu ya malipo iliyobaki.